Nia Aliyoitaja Apolonia

Mimi ndiye niliyeandika ule ujumbe, kwa hiyo msimlaumu Apolonia peke yake. Yeye alitamka kwa mdomo. Mimi nilichukua simu, nikaandika, nikapanga nukta na mkato kama mtu mwenye akili zake, nikabonyeza. Nitasimulia yote, ila kisiwa chenyewe sitakitaja jina, wala yule mama. Mtaona sababu huko mbele.

Naitwa Leonce. Nafanya kazi ya kompyuta hapa Richardson, Texas, na kwa miaka sita nilikuwa katibu wa jumuiya ya Mtakatifu Ana, ambayo ni sisi Watanzania Wakatoliki wa Dallas na vitongoji vyake pamoja na Warundi wachache waliotupenda. Tunakutana Jumamosi mchana nyumbani kwa mwanajumuiya, kila mara kwa zamu. Rozari, somo, kisha nia. Kwa asiyejua, nia ni lile ombi ambalo kila mtu analitamka kwa sauti ili wote waliombee: mgonjwa, mtihani, makaratasi ya uhamiaji, mume asiyesikia. Katibu anaziandika nia zote na kuzituma kwenye grupu la WhatsApp, ili hata aliye kazini aombee. Mimi nilikuwa na sifa ya kuziandika vizuri. Nilijivunia upuuzi huo.

Apolonia ni Mchaga wa Rombo. Kabla ya kuja Texas alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo huko kwao, mtu wa kufungua majalada na kuyafunga kwa kamba. Alipofika huku alianza kama wengi wetu, kuwaogesha wazee na kuwageuza kitandani, huku mumewe Isack akiendesha lori na kuonekana nyumbani siku nne kwa mwezi. Mwaka 2018 akapata kazi ya kukaa. Kulikuwa na ofisi ndogo ya utafiti iliyopanga ghorofa ya pili juu ya daktari wa meno, na walikuwa wanatafuta mtu mvumilivu wa kusoma mafaili ya polisi. Apolonia alifurahi kupita kiasi. Alisema hatimaye Marekani imemkumbuka kwamba yeye ni karani.

Mafaili yalikuwa ya mauaji. Yalitoka kwenye kisiwa kimoja, nchi kamili yenye bendera na waziri mkuu, ambayo watu wake wote, elfu hamsini na kitu, wangeenea kwenye uwanja wetu mmoja wa mpira na viti vikabaki. Mwaka mmoja waliuawa watu ishirini na watatu huko. Mimi nilipoambiwa nilicheka, nikasema Dallas hiyo ni habari ya mwezi na siku. Apolonia akaniangalia kama ananionea huruma. Akasema, "Leonce, we si ndo mtu wa kompyuta? Piga hesabu. Ni kama hapa Dallas wafe mia sita." Nikapiga hesabu. Ni kweli.

Kazi yake ilikuwa kusoma kila faili na kujaza fomu ya kurasa nne. Umri, silaha, mahali, saa, aliyeua alimjuaje aliyeuawa. Kisha swali kubwa, lile lililowaleta wote pale ofisini: je, haya ni mauaji ya genge? Usidhani ni swali rahisi. Kijana wa genge akimchoma kisu baba yake wa kambo kwa sababu ya kupigwa kwa mama yake, polisi wa kule waliandika "genge", kwa kuwa kijana yumo kwenye orodha yao. Apolonia alikataa. Alisema hiyo ni kesi ya nyumbani, na kwamba ukimwandika kila aliyekufa kuwa mtu wa genge hutajua kamwe genge lenyewe limeua wangapi na kwa nini. Alibishana na msimamizi wake, mama mmoja wa Kimarekani mwenye sauti ya chini, mpaka yule mama akabadilisha fomu. Kwa wiki nzima Apolonia alitembea kama jaji.

Lakini majalada yale yalimwingia. Tukiwa tunakunywa chai baada ya sala alikuwa anatusimulia, bila majina, maana majina yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi. Genge la huko, alisema, ni vijana kumi na watano wa kona moja ya mtaa, ambao zamani walikuwa timu ya mpira. Maadui zao ni timu nyingine, kona ya pili, dakika kumi kwa miguu. Walisoma shule moja. Mama zao wanaimba kwaya moja. Hospitali ni moja, kwa hiyo aliyepigwa risasi anaweza kulazwa kitanda cha pembeni ya ndugu wa aliyempiga. Gereza ni moja. Makaburi ni mamoja, na kuna mtu aliuawa akiwa amebeba jeneza. Ukiona kitu huko huna mtaa wa kuhamia wala mji mwingine wa kujichanganya na watu. Kila upande ni maji.

"Ndo maana hawasemi," alisema. "Faili mia na ishirini, waliokubali kusema hawazidi thelathini na mmoja. Na hao nawaonea huruma kuliko waliokufa."

Kati ya hao thelathini na mmoja kulikuwa na mwoka mikate. Faili lake lilikuwa la arobaini na saba. Agosti 2016, kijana wa miaka kumi na tisa alipigwa risasi nne kwenye uwanja wa mpira, jua linawaka, watu wamejaa, na hakuna aliyeona kitu. Hakuna, isipokuwa mama huyu, aliyekuwa anasubiri mikate iumuke, amesimama dirishani mkabala na goli. Aliwaona watatu na kuwataja watatu. Kulikuwa na mwanamke mwingine pia, fundi cherehani, mwenye maelezo ya mistari minne yaliyothibitisha kidogo. Kesi haikufika popote. Lakini Apolonia aliyasoma maelezo ya yule mwoka mikate mara nyingi sana, na alitwambia kwamba usiku wa kuamkia siku ya kazi alikuwa anamwota.

Sasa fikeni Juni 2019, Jumamosi, nyumbani kwangu. Zamu ya nia ikamfikia Apolonia. Akasema, "Namwombea mama mmoja wa mbali, aliyeona ubaya akausema. Mungu amlinde." Hapo ndipo mimi, katibu hodari, nilipofungua mdomo.

"Dada Apolonia, fafanua kidogo. Nia isiyo na maelezo watu hawaishiki."

Akafafanua. Si kwa sababu hakujua sheria. Alikuwa amesaini karatasi ya siri ofisini kwao. Lakini hakutaja jina, maana hata yeye hakulijua, na hakuitaja nchi, alisema tu kisiwa kile tunachokiombea. Alidhani, kama nilivyodhani mimi, kama mngedhani ninyi, kwamba asiye na jina amefichika. Sisi tunatoka nchi ya watu milioni hamsini na kitu. Ukisema "mama fulani anayeuza mikate mkabala na uwanja wa mpira", nani atamjua? Wako elfu. Apolonia alikuwa amesoma mafaili mia na ishirini ya kisiwa kidogo, akaelewa kila kitu kuhusu kisiwa kidogo, na bado alisali kama mtu wa nchi kubwa.

Na mimi nikaandika. Ninao hata leo kichwani: "Tumwombee mama mwoka mikate wa kisiwa cha akina Ella, anayekaa mkabala na uwanja wa mpira, aliyeshuhudia kutoka dirishani kijana akiuawa mwaka 2016 na kuwa na ujasiri wa kuwataja. Mungu amkinge na magenge." Jina la nchi sikuliandika, nikajiona mjanja. Badala yake niliandika la Ella, kwa sababu grupu letu lilikuwa na Warundi wa Houston tuliohiji nao, na mmoja wao, Fortunée, alikuwa ameshawahi kutuomba tumwombee mwenzake wa kazini, Ella, mtu wa kisiwa hicho hicho. Nilitaka watu washike.

Wiki tatu zikapita. Jumapili moja natoka misani, simu inaita, Fortunée. Ni mama wa makamo, mtunza vyumba kwenye hoteli ya upande wa Stafford, pembeni ya Houston, mtu wa furaha na kelele.

"Katibu! Vraiment, Mungu ni mkubwa! Ule mama wa mikate, Ella anamjua! Nilimusomea message yenu kule kazini, nikamu-translatia yote, akashika kichwa. Ni shangazi yake! Akapiga simu palepale kwao, kwa ndugu yake, kuuliza kama ni kweli aliona. Ndugu yake hakujua. Sasa wote wamejua, wanamuombea!"

Nilisimama kwenye maegesho ya kanisa, jua la Julai kichwani. Nilimuuliza Fortunée ni lini. Akasema ni kama siku kumi na mbili hivi. Nikamwambia asimwambie mtu tena, tafadhali. Akauliza kwa nini, na sauti yake ikashuka ghafla. Alikimbia Burundi akiwa msichana. Hakuhitaji kufafanuliwa mara mbili. "Yesu wangu," alisema. "Nimemuua."

Nilifuta ujumbe. Watu hamsini na wanane walikuwa wameshausoma. Nikaendesha gari hadi kwa Apolonia na kumwambia jikoni kwake, amesimama anamenya ndizi. Hakulia. Aliweka kisu chini polepole, akafunga pazia la dirisha la jikoni, dirisha linaloangalia uzio wa jirani tu, Texas, maili elfu mbili kutoka huko. Akakaa sakafuni.

Tangu siku hiyo tuliishi na hofu, na nataka niseme wazi kwamba ilikuwa hofu ya aibu, maana sisi hatukuwa tunawindwa na mtu. Tulikuwa tunasubiri kusikia kama tumeua. Ella aliacha kupokea simu. Alimwambia Fortunée wasiongelee tena jambo hilo, na kazini akahama zamu. Hatukujua kama mama yu hai. Polisi wa kule hatungewapigia. Tungewaambia nini, na nani kati yao ni mjomba wa nani? Jumuiya niliiambia tu kwamba nia ile imefungwa. Kuna mtu aliandika "Amina".

Apolonia akagundua redio. Kisiwa kina stesheni inayosikika kwenye simu, na kila siku saa kumi na moja jioni kwa saa zetu husoma matangazo ya vifo. Kama yale ya kwetu, lakini wao wanasoma na jina la utani, mtaa, alichokuwa anafanya, watoto walioko ng'ambo, kila kitu, kwa sauti ya kinanda nyuma. Hiyo saa ndiyo saa ambayo Apolonia anakuwa barabarani, foleni imesimama, magari yanang'aa joto. Alisikiliza kila siku. Hakujua jina la mama, kwa hiyo kila mwanamke aliyesomwa alikuwa yeye, mpaka pale msomaji alipotaja kazi au mtaa. Muuguzi mstaafu, si yeye. Mwalimu wa chekechea; si yeye. Binti yake Angel, akiwa kiti cha nyuma na begi la shule, alimwambia kwa Kiingereza chao kwamba amechoka kusikiliza wafu wa watu wengine. Apolonia alimfokea mpaka mtoto akalia. Siku zote hakuwa mtu wa kufoka.

Mimi nilimkuta kazini kwake mara moja, nimempelekea chakula. Kwenye meza yake faili lilikuwa limefunguliwa ukurasa huo huo. Alikuwa amekonda. Aliniambia, "Nasubiri mafaili ya mwaka huu yaje. Nitamkuta humo, Leonce. Nitaambiwa nijaze fomu. Uhusiano wa aliyeua na marehemu. Nitaandika nini?" Nilimwachia wali wake, nikashuka ngazi mbio kama mwizi.

Oktoba Fortunée akapiga. Hakupiga kelele safari hii. "Mama iko hapa," alisema. "Iko kwa Ella, Stafford, tangu mwezi wa saba. Ilikuja na visa yake ya zamani ya kutembelea. Ella amekubali mkuje. Wawili tu."

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, masaa manne na nusu, na maili mia za kwanza nilizitumia kusali. Nilimshukuru Mungu mpaka nikachoka. Alikuwa hai. Mwanamke tuliyemzika mara sitini kwenye redio alikuwa hai, yuko Stafford, na Apolonia alikuwa anakwenda kumwomba radhi. Maili mia za pili alizitumia kupanga maneno.

Ella alitufungulia mlango akiwa ameweka mnyororo, akatuangalia usoni mmoja mmoja, kisha akatuingiza na kufunga tena. Mapazia yalikuwa yamebanwa kwa pini za nguo. Yule mama alikuwa jikoni, ameketi kwenye stuli kati ya friji na ukuta, mahali ambapo hakuna dirisha linaloweza kumwona. Mama mnene, mweusi, mikono mikubwa, amevaa gauni la kanisani. Nyumba nzima ilinukia mkate. Tulisalimiana. Alitukatia mkate wenye siagi bila kutuuliza kama tuna njaa.

Apolonia akafungua mdomo aanze. Wakati huohuo, juu ya paa la nyumba ya pili, mafundi wakaanza kupiga misumari kwa ile mashine yao: pa, pa, pa. Yule mama hakupiga ukelele. Alishuka tu kwenye stuli, akawa sakafuni nyuma ya kabati, kisu cha mkate mkononi, macho yamekufa. Nami, mwanaume mzima, nilijikuta nimeinama chini ya meza. Ella alipiga magoti akamshika mabega, akimwambia ni mafundi, shangazi, ni mafundi tu. Ilichukua muda. Mafundi waliendelea mchana kutwa, na kila waliporudia yule mama aliutazama mlango.

Apolonia alimweleza hapo hapo sakafuni. Alieleza yote, kwa Kiingereza chake cha mahakamani, hakujificha nyuma yangu wala nyuma ya Mungu. Faili, maelezo, jumuiya, nia. Alisema, "Mimi ndiye niliyekuanika." Kisha akasubiri kutukanwa.

Mama alikuwa amekunja uso kama mtu asiyeelewa. "Maelezo gani?" akauliza.

"Maelezo yako uliyowapa polisi."

"Sikuwapa polisi maelezo."

Tukatazamana. Mama akasema polepole, "Alikuja polisi mmoja. Kijana niliyemlisha mkate wangu tangu hana meno. Alikaa jikoni kwangu, akanywa maji ya ndimu, hana daftari, hana kalamu. Akaniambia, mama, niambie mimi tu, siandiki. Nikamwambia yeye tu." Akakiweka chini kisu cha mkate. "Kwa hiyo aliandika."

"Aliandika," Apolonia alisema.

"Na akakupa wewe."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma. Kisha akatusimulia upande wake. Ndugu yake Ella alimfuata kanisani, mbele ya watu, akamuuliza kwa upendo kabisa kama ni kweli aliona, maana watu wa Amerika wanamwombea. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu aliamka saa tisa alfajiri kama siku zote, akaoka mikate arobaini, akafungua dirisha la kuuzia. Hakuna aliyekuja. Hata mmoja. Wateja wa miaka thelathini walipita upande wa pili wa barabara, wakiangalia viatu vyao. Saa nne asubuhi mikate arobaini ilikuwa bado imepangwa, imepoa, na hakuna mtu aliyekuwa amemtishia, hakuna aliyemtupia hata neno.

"Nikajua wote wameshajua, na wote wanajua nitakufa lini kuliko mimi," alisema. "Jumatano nikapanda ndege. Tanuri nimeliacha na moto."

Apolonia akaanza kulia sasa. Mama akamgusa kichwa, akasema jambo ambalo sitalisahau. Alisema kama si sala zetu asingejua kwamba kuna karatasi. Miaka mitatu aliuza mkate kwa mama za wale vijana akiamini siri inakaa kwa watu wawili na Mungu, na kumbe ipo kabatini, na siku yoyote mtu angeifungua. "Hujui kama umeniua au umeniokoa," alisema. "Mimi pia sijui. Nyumba yangu sina tena, hilo najua."

Kisha akauliza, "Humo ndani tuko wangapi tuliosema?"

"Thelathini na mmoja."

"Na wote waliambiwa haiandikwi?"

Apolonia alifumba macho. Nilimwona akiyapitia mafaili yote kichwani, moja baada ya jingine. Hakuna hata moja lililokuwa na sahihi ya shahidi. Karani wa mahakama mwenye miaka yote ile, na hakuliona hilo.

Ilikuwa saa kumi na moja. Ella aliweka simu juu ya meza bila kuambiwa. Kumbe nao walikuwa wanasikiliza. Kinanda kikaanza. Msomaji akataja mzee mmoja mvuvi mstaafu, na mama akasema, "Alikuwa na deni la mikate, apumzike." Tukacheka kidogo, wote wanne, kwa mara ya kwanza. Akamtaja wa pili. Kisha wa tatu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, jina refu, maarufu kwa jina la utani, fundi cherehani wa barabara ya uwanja wa mpira, aliyefariki ghafla.

Apolonia alishtuka. Alishika tu ukingo wa meza na kikombe chake kikagonga sahani.

Mama wa mikate hakuwa anaangalia simu. Alikuwa anamwangalia Apolonia. Alimwangalia kwa muda mrefu mpaka redio ikaanza tangazo la nne, na nikaona kitu kinafika usoni mwake, na nikatamani nimfunike Apolonia uso kwa mikono yangu, lakini kilikuwa kimeshafika.

"Naye alisema?" aliuliza.

Apolonia akatikisa kichwa kukataa. Alichelewa, na alikuwa analia.

"Cherehani yake ilikuwa barazani, inaangalia goli kama dirisha langu," mama alisema. "Nilijua ameona. Nilimsubiri aseme. Miaka mitatu sikumsalimia yule mwanamke, kwa sababu nilidhani alinyamaza."

Nilimuuliza, mjinga mimi, kama labda alikuwa mgonjwa, kama ni sukari, kama ni moyo. Redioni hawasemi sababu. Ella alizima simu. Mama akasema huko kwao hawaulizi, na kwamba alishonewa gauni alilovaa na mtu huyohuyo, kabla ya hayo yote. Alilishika kwa vidole penye kifua, akilikunjua na kulikunja.

Tulipokuwa tunaondoka alitufungia mkate kwenye kitambaa. Mlangoni akamshika Apolonia mkono. Nilitegemea laana au msamaha. Sikujua ni kipi ningekiogopa zaidi.

"Mwombeeni," alisema. "Lakini msimtaje."

Jumatatu Apolonia alimweleza msimamizi wake kila kitu. Yule mama wa Kimarekani alisikiliza, akafunga mafaili yote kabatini, akaandika barua ndefu ambayo hatukujua imekwenda wapi, na kazi ya Apolonia ikaisha siku hiyo. Amerudi kwa wazee wake. Mimi niliomba kuacha ukatibu, wakakataa, hakuna mwingine anayetaka.

Machi iliyofuata, 2020, kanisa lilipofungwa, jumuiya ikawa ya simu. Jumamosi ya kwanza jioni tulikuwa watu ishirini, kila mtu na nia yake, hofu tupu, kila mtu anataja hospitali na ndugu. Niliandika mpaka vidole vikauma. Ilipofika zamu ya Apolonia nilisikia anapumua tu. Nyuma yake, mbali, nilisikia kinanda.

"Dada Apolonia, una nia?" mtu mmoja akauliza.

"Ninayo," alisema.

Tukasubiri. Hakuongeza kitu. Nikaandika jina la Apolonia kwenye daftari, nikaliangalia, nikalifuta.